Sifa ya Mdomoni Haina Kiungo

Msimu uliopita wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu niliingia kwenye steshenari moja ya Mwenge kuprinti karatasi tatu, nikatoka baada ya saa nzima. Foleni ilikuwa ya wazazi na watoto wao waliomaliza kidato cha sita. Mbele yangu alikaa mama mmoja wa makamo, bahasha ya kaki mapajani, akitaka kujua cheti cha kuzaliwa cha binti yake kinahakikiwaje RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, kabla ya kuambatishwa kwenye maombi. Kijana wa kwenye kompyuta alimwamkia, kisha akaliandika swali Google vilevile lilivyotoka mdomoni mwa mama: jinsi ya kuhakiki cheti cha kuzaliwa kwa ajili ya mkopo. Majibu yakajipanga. Mama akanyoosha kidole kwenye lile la juu kabisa.

"Hapana mama, hiyo tusiifungue," kijana akasema. "Hiyo imeandikwa ilimradi. Ngoja niteremke, kuna jamaa anaeleza vizuri, sema siku hizi wamemficha."

Akateremka, akafungua ukurasa wa pili wa majibu, akaipata tovuti yenyewe. Ya kawaida tu, rangi mbili, haina mbwembwe. Akamsomea mama hatua moja baada ya nyingine. Walipomaliza akanakili anwani ya ukurasa ule akamtumia mama kwenye WhatsApp ili binti ausome mwenyewe nyumbani. Mama akalipa, akamwombea heri, akaondoka. Aliyekuwa nyuma yake alikuwa na swali hilohilo, naye akatumiwa anwani ileile.

Neno "wamemficha" nimekaa nalo muda mrefu. Sidhani kama kuna mtu ameketi ofisini California akaamua kumficha mwandishi wa Kiswahili anayeeleza taratibu za RITA. Kilichonigusa ni kingine. Katika zile dakika kumi, ukurasa ule ulipata ushahidi ambao tovuti yoyote duniani ingeutamani: mtu anayefanya kazi hiyo kila siku aliukumbuka, aliutafuta mpaka akaupata, akauthibitisha mbele ya mteja, akaukabidhi kwa mkono wake kwa watu wawili. Kwenye daftari la mtambo wa utafutaji, karibu yote hayo ni kimya. Ndiyo hoja yangu leo. Kila Google inapokaza mizani yake ya nani anaaminika, wachapishaji wadogo wa Kiswahili huingia kwenye usaili wakiwa na mashahidi tele, ila mashahidi wote wamesimama nje ya ukumbi.

Tuanzie mbali kidogo. Mwaka 1998 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Larry Page na Sergey Brin, walichapisha andiko lililoeleza mtambo wao mpya wa kutafuta. Kiini chake kilikuwa kuvihesabu viungo. Ukurasa mmoja ukiweka kiungo cha kwenda ukurasa mwingine, hiyo ni kura. Na kura ya ukurasa wenye heshima ina uzito kuliko kura ya ukurasa usiojulikana. Anayejua mambo ya posa haelezwi zaidi. Familia ikitaka kumjua kijana aliyeleta barua, inauliza mtaani, na neno la imamu au la mwalimu aliyemfundisha linapimwa tofauti na neno la wale wa kijiweni. Page na Brin walichofanya ni kuigeuza desturi hiyo kuwa hesabu. Ilikuwa akili kubwa, na mpaka leo, pamoja na mamia ya vigezo vilivyoongezwa, viungo bado vimo.

Shida ni kwamba hesabu hiyo inaanza na sharti moja: watu wanaosifiana wafanye hivyo kwa maandishi, hadharani, kwenye kurasa zinazoweza kutambazwa na mashine. Kulikuwa na kipindi sisi tulifanya hivyo. Blogu za kwanza za Kiswahili, miongoni mwazo Jikomboe ya Ndesanjo Macha, na baadaye ile ya Michuzi iliyoanza mwaka 2005, zilikuwa na safu pembeni ya majina ya blogu nyingine. Ukifungua moja unapelekwa kwa ya pili, ya pili inakutupa kwa ya tatu iliyokuwa ikiandikwa na Mtanzania aliyeko Ulaya au Marekani. Nyingi zilikaa kwenye blogspot, huduma ya bure ambayo Google yenyewe iliinunua mwaka 2003. Kwa mtazamo wa leo zilikuwa na sura ya kienyeji, lakini zilikuwa zikishuhudiana. Jirani alimtaja jirani.

Kisha simu janja zikashuka bei na maongezi yote yakahamia ndani. Facebook kwanza, halafu Instagram, halafu WhatsApp ikameza kila kitu: ukoo, kanisa, msikiti, kikoba, wazazi wa darasa la tatu, mashabiki wa Yanga wa Tabata. Tangu Aprili 2016 ujumbe wa WhatsApp umefungwa kwa usimbaji kutoka kwa mtumaji hadi kwa mpokeaji. Ni jambo jema kwa faragha, nami sitaki lifunguliwe. Ila maana yake ni kwamba anwani ya ukurasa inaweza kuzunguka kwenye magrupu mia ya Dar es Salaam ndani ya jioni moja, ikasifiwa, ikashukuriwa, ikawekewa maua ya emoji, na isiache hata alama moja ya kiungo ambayo mtambo unaweza kuihesabu. Kwa Mmarekani mwenye tovuti ya mapishi hali ina nafuu: watu wake nao wana magrupu, lakini pia kuna magazeti yanayoweka viungo, maktaba, vyuo, na maelfu ya waandishi wadogo wanaotajana. Kwetu safu ile ya pembeni ilipokufa, hakuna kilichokaa mahali pake.

Na haikufa kwa WhatsApp peke yake. Mwaka 2018 hapa Tanzania zilitoka Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni zilizomtaka mwenye blogu kujisajili na kulipia leseni. Gharama zote zikipigwa pamoja zilikaribia dola 900 au kuzidi. Juni mwaka huohuo hata JamiiForums, jukwaa lililoanza mwaka 2006, lilisimama kwa muda. Ada zilikuja kupunguzwa, lakini walioacha waliacha. Makala nyingi zimeandikwa kuhusu kanuni zile na uhuru wa kujieleza, na ni sawa. Mimi naongeza athari ndogo ambayo haikupigiwa kelele: blogu ikifungwa, inaondoka na kura zote ilizowapigia wenzake. Aliyebaki hewani, hata kama alilipa kila senti, aliamka na mashahidi pungufu.

Huo ndio mwili tulioingia nao kwenye miaka ya mabadiliko makubwa.

Mabadiliko yenyewe wengi wetu tunayataja kwa jumla, "Google wamebadilisha," utadhani yalikuwa tukio moja. Yalikuwa mengi na kila moja lilikuwa na mlengwa wake. Februari 2011 ilikuja Panda, jina la sasisho la hesabu za Google, iliyolenga tovuti zilizokuwa zikizalisha makala nyepesi kwa wingi. Google ilisema iligusa asilimia 11.8 ya utafutaji wa Marekani. Aprili 2012 ikaja Penguin, kuwabana walionunua viungo, ikagusa asilimia 3.1 ya utafutaji wa Kiingereza. Tazama takwimu hizo zinapimwa wapi: Marekani, Kiingereza. Ugonjwa ulikuwa wao, dozi ikapangwa kwa uzito wao, kisha tukanywa sote.

Penguin ilituachia kilema ambacho sioni kikisemwa. Biashara ya viungo ilipopigwa, wajuzi wa mambo haya, wakiwemo wale wa semina za hotelini zenye chai ya saa nne, walianza kuwafundisha vijana kwamba kutoa kiungo ni kumwaga nguvu zako. "Usimlinki mtu hovyo." Kijana wa Sinza mwenye tovuti ya makala hamsini akawa bahili kama tajiri wa riwaya. Leo utasoma makala nzima iliyochotwa kwa mwingine, na chini yake kumeandikwa "Chanzo: Mitandao". Mitandao ipi? Na picha nayo: "Picha: Google". Google haipigi picha za harusi Mbagala. Tumejifunza kuwanyima wenzetu kura halafu tunalalamika kwamba hatuchaguliwi.

Agosti 2022 ukaja mfumo uliotangazwa kuwa wa kuinua maudhui yenye manufaa kwa binadamu na kushusha yale yaliyoandikwa kuifurahisha mashine. Toleo lake la Septemba 2023 ndilo lililoumiza wengi. Machi 5, 2024 likaanza sasisho kubwa zaidi lililoumeza mfumo ule ndani ya moyo wa Google. Lilichukua siku 45 kukamilika. Google ikatangaza kwamba maudhui duni yamepungua kwa asilimia 45 kwenye majibu yake. Pamoja nalo zikaja sheria mpya dhidi ya uzalishaji wa kurasa kwa mafungu, dhidi ya kununua anwani zilizokufa ili kurithi heshima yake, na dhidi ya tovuti kubwa kupangisha vyumba vyake kwa wachuuzi wa makala.

Hapa lazima niseme la upande wa pili, maana sipendi makala zinazotuonyesha sisi wote kama mayatima. Sehemu kubwa ya kilichofagiwa ilistahili ufagio. Sote tunaijua biashara ya siku ya matokeo. Baraza la Mitihani halijatangaza kitu, lakini ukiandika "matokeo kidato cha nne" unakutana na kurasa ishirini zenye kichwa cha herufi kubwa: TAZAMA HAPA MATOKEO YOTE YA MKOA WAKO. Unafungua. Aya ya kwanza inakueleza baraza ni nini. Ya pili inakueleza elimu ni ufunguo wa maisha. Katikati matangazo manne, moja linakufunika kioo kizima. Mwishoni kuna kiungo cha kwenda kwenye tovuti ya baraza, ambako ungeweza kwenda mwenyewe bila kuunguza bando. Nafasi za kazi ni vilevile: tangazo lilelile moja la ajira, limenakiliwa na blogu thelathini, tisa kati yao baada ya tarehe ya mwisho kupita. Nami sijitoi. Kuna mwaka niliandika makala nne kuhusu jambo lililohitaji moja, kwa sababu nilitaka kukamata namna nne ambazo watu huliuliza. Zilisomwa sana. Sikumsaidia mtu.

Kwa hiyo anayesema kwamba Google iliwaonea wachapishaji wadogo wote wa Kiswahili anadanganya, au ana hisa kwenye moja ya blogu thelathini. Kosa ninaloliona ni la ufagio kutotofautisha. Yule jamaa wa RITA, aliyekwenda dirishani mwenyewe, akapiga picha ya skrini kila hatua na kurekebisha maelezo yake kila utaratibu unapobadilika, anafanana na wale thelathini kwa kila kitu ambacho mashine inakiona kwa urahisi. Tovuti ni changa. Mwandishi hajulikani nje ya wasomaji wake. Hakuna gazeti lililomtaja wala chuo kilichomlinki. Anaandika mada zilezile ambazo walaghai wanazivamia, kwa sababu ndizo watu wanazozihitaji. Desemba 2022 Google iliongeza neno "uzoefu" kwenye mwongozo wa watu wake wanaokagua ubora wa majibu, yaani mwandishi awe ameligusa jambo kwa mikono. Vizuri. Ila uzoefu wa kupanga foleni RITA unathibitishwaje, kama wanaoweza kuuthibitisha wote wapo kwenye foleni?

Mtu ataniambia: lakini Google haitegemei viungo tu, inaangalia pia watu wanabofya nini. Ni kweli, na tunajua zaidi kuhusu hilo tangu kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Google. Mwaka 2023, mahakamani Washington, makamu wa rais wa kampuni hiyo Pandu Nayak alieleza mfumo uitwao Navboost, unaokumbuka mibofyo ya watumiaji kwa miezi 13 na kuitumia kupanga majibu. Agosti 5, 2024 Jaji Amit Mehta aliamua kwamba Google imehodhi soko la utafutaji kinyume cha sheria, na sehemu ya hoja yake ilihusu wingi huu: anayepata maswali mengi hujifunza zaidi, hasa yale maswali adimu, na mshindani hawezi kumfikia.

Ligeuze hilo upande wetu. Kama wingi wa maswali ndio mwalimu, basi lugha yenye maswali machache yaliyoandikwa ina mwalimu dhaifu. Kiswahili kina wasemaji zaidi ya milioni 200 kwa hesabu za UNESCO, lakini msemaji hahesabiki kama mtafutaji. Wengi hawatafuti kabisa. Wanamuuliza kijana wa steshenari, naye anatafuta kwa niaba ya watu arobaini kwa siku kwenye kompyuta moja. Na wapo ambao wakishaijua tovuti nzuri hawaitafuti tena, wanaifungua moja kwa moja kutoka kwenye historia ya kivinjari chao. Kadiri tovuti inavyoaminika mtaani, ndivyo inavyotafutwa kidogo kwa swali la kawaida. Halafu swali lenyewe tunaliandika kwa mitindo kumi: "kuhakiki cheti rita", "verification ya cheti", "namna ya kuverify birth certificate ya mtoto". Mibofyo yenyewe michache, na hiyo michache imetawanyika.

Pesa sitaizungumzia sana, ila kuna jambo moja ambalo wasio kwenye kazi hii hawalijui. Wengi hulipwa kupitia AdSense, huduma ya matangazo ya Google, na AdSense haitoi malipo mpaka salio lifike dola 100. Mwenye tovuti kubwa hilo halimhusu. Kwa tovuti ndogo ya Kiswahili, ambako mtangazaji analipa senti, dola 100 zinaweza kuchukua miezi minne. Wasomaji wakipungua nusu, zinachukua minane. Fedha haijapotea, ipo inaonekana kwenye skrini, ila malipo ya seva na ya jina la tovuti yana tarehe yake kila mwaka wala hayasubiri salio. Tovuti nyingi zinazokufa baada ya mabadiliko hazifi kwa sababu mwandishi amekata tamaa. Zinakufa kwa sababu bili ilifika mwezi Machi na dola 71 hazitolewi.

Nikitaka kuwaeleza watu wasio na habari na mambo haya, huwa nawakumbusha stendi ya Ubungo. Kwa miaka mingi kulikuwa na uchumi mzima pale: gesti, mama lishe, wauza maji, wabeba mizigo, vibanda vya kuchaji simu. Februari 2021 mabasi ya mikoani yakahamia stendi mpya ya Magufuli, Mbezi Luis. Mama lishe wa Ubungo hakupika vibaya siku ile. Wali ulikuwa uleule. Abiria ndio hawakushuka tena mbele ya meza yake, na akagundua kwamba wengi wa aliowaita wateja walikuwa wapita njia. Waliobaki naye ni wachache waliokuwa wakimfuata yeye, madereva na watu wa mitaa ya jirani.

Mfano huo ulinitosha mpaka Mei 2024. Mwezi huo Google ilianza Marekani kuweka majibu yaliyoandikwa na akili mnemba juu kabisa ya ukurasa, na mwaka mmoja baadaye ikatangaza kuyapeleka nchi zaidi ya 200 na lugha zaidi ya 40. Watu walicheka sana mwanzoni, maana jibu moja lilimshauri mtu achanganye gundi kwenye pizza ili jibini ishike. Mimi sikucheka sana. Sasa stendi haijahama tu. Mwenye stendi ameweka sufuria getini. Anapika kwa kuonja vyungu vya mama lishe wote, anamgawia abiria sahani kabla hajavuka geti, na pembeni ya sahani ameandika kwa herufi ndogo majina ya waliompa ladha.

Kwamba abiria hawavuki geti tunalo la kushika. Utafiti wa Pew, kituo cha utafiti cha Marekani, wa Julai 2025, uliofuatilia watumiaji wa Marekani, uliona kwamba palipokuwa na muhtasari wa akili mnemba, watu walibofya jibu la kawaida katika asilimia 8 tu ya safari zao, ilhali pasipokuwa nao walibofya katika asilimia 15. Waliobofya kiungo kilichomo ndani ya muhtasari wenyewe walikuwa asilimia 1. Hizo ni namba za watu wenye intaneti ya kulipia kwa mwezi. Mtu wa Gongo la Mboto mwenye MB 200 zinazoisha saa sita usiku ana sababu ya ziada ya kuridhika na muhtasari: kila ukurasa anaoufungua unamgharimu. Siwezi kumlaumu. Ningekuwa yeye ningefanya vilevile.

Lakini fikiria kinachotokea kwenye mada ya RITA. Muhtasari unaupata wapi utaratibu? Kwa yule jamaa, kama mtambo umemwona. Kama haujamwona, kwa wale thelathini, au kwa ukurasa wa Kiingereza wa miaka mitano iliyopita uliotafsiriwa na mashine ukaitwa Kiswahili. Utaratibu ukibadilika, anayegundua kwanza ni aliyesimama dirishani. Akiacha kuandika kwa kukosa dola 29 za kufikia mia, muhtasari utaendelea kujibu kwa ufasaha uleule, kwa habari ya mwaka juzi, na mama mwenye bahasha ya kaki atarudishwa nyumbani.

Je, Google inajua? Oktoba 2024 iliwaita makao makuu yake Mountain View wachapishaji wadogo wapatao ishirini walioporomoka. Waliorudi walisimulia kwamba walisikilizwa kwa upole, wakaambiwa tovuti zao hazina ubaya, na hawakupewa ahadi yoyote ya kurejeshewa wasomaji. Hata hao nawahesabu kuwa na bahati: walilalamika kwa Kiingereza, kwa sauti, wakasikika. Ukisikia "tovuti yako haina ubaya" kutoka kwa aliyekushusha, angalau unajua cha kufanya usiku huo, yaani kulala.

Ningekuwa na kikao na watu wa Google nisingeomba huruma wala mgao. Ningewaomba waache kutupima kwa uchache wa viungo kama wanavyompima Mwingereza. Kwenye lugha ambayo viungo ni vichache kwa kila mtu, ukurasa kukosa kiungo hakusemi lolote kuhusu ukurasa. Kunasema kuhusu lugha. Wana vipimo vingine: ukurasa umerekebishwa lini, una picha zake wenyewe au za kuokota, unafanana na mwingine kwa asilimia ngapi, watu wanaurudia moja kwa moja mara ngapi. Nakala thelathini za tangazo moja hazihitaji kiungo ili zitambulike kuwa nakala. Na wakaguzi wao wa ubora, wa Kiswahili wangapi wamewahi kuprinti kitu steshenari?

Lakini simu ya kwanza nisingewapigia wao. Ningeyapigia magazeti yetu, ambayo kila siku huandika "kwa mujibu wa tovuti moja" na kuishia hapo. Lipo gazeti gani la mjini hapa linaloumia likiweka kiungo? Ningevipigia vyuo vyetu vyenye idara za Kiswahili na tovuti zenye heshima ya miaka mingi, ambazo ukurasa wake wa "viungo muhimu" unaelekeza kwa wizara, kwa maktaba za Ulaya, na kwa kurasa zilizokufa. Kiungo kimoja kutoka kwa chuo kwenda kwa mwandishi anayeeleza kilimo cha mchicha wa Kigamboni kwa usahihi ni barua ya imamu. Haikigharimu chuo kitu. Ningezipigia halmashauri na taasisi ambazo, badala ya kuandika upya na vibaya maelezo ambayo raia mmoja ameshayaandika vizuri, zingeweza kumtaja. Na ningewapigia wenzangu wa tovuti ndogo niwaambie turudishe ile safu ya pembeni. Ndiyo, ile ya mwaka 2006, yenye sura ya kienyeji. Penguin iliwapiga walionunua viungo; haikuwahi kumpiga mtu kwa kumtaja jirani anayestahili.

Wapo watakaosema huku ni kuchelewa, kwamba zama za viungo zimepita na akili mnemba imefunga mjadala. Huenda. Ila nao muhtasari, kabla haujaandikwa, huchagua wa kumwamini, na mahali pa kuangalia ni palepale pa zamani: nani anamtaja nani.

Wiki mbili zilizopita nilipita tena Mwenge. Kijana alikuwa na foleni kama kawaida. Ukutani, chini ya bei ya fotokopi na ya pasipoti saizi, alikuwa amebandika karatasi mpya ya A4 iliyolaminishwa, maandishi makubwa meusi: anwani ya tovuti ya yule jamaa, na chini yake, "MIKOPO, RITA, NIDA — SOMA HAPA KWANZA NDIO UNIULIZE". Nikamuuliza kama wanafahamiana. Akasema hapana, hajawahi kumwona. Amechoka tu kuteremka mpaka ukurasa wa pili.